Parachichi liende soko, lakini la mtoto libaki

UKIMWAMBIA mtu wa Dar es Salaam kwamba Njombe kuna watoto wenye lishe duni, atakuona unatania. Kwake yeye Njombe ni viazi mviringo, mahindi, maharage, mbao, chai ya Lupembe na siku hizi parachichi. Ni mkoa ambao lori haliondoki tupu. Pale Makambako, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ana kanda yake, na mahindi yanayohifadhiwa huko hupelekwa kulisha mikoa iliyopungukiwa. Mtu akiambiwa kuwa wenye ghala ndio wenye watoto waliodumaa, ana haki ya kushangaa.

Lakini takwimu za serikali yenyewe ndivyo zinavyosema. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikuta zaidi ya asilimia 49 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa. Utafiti wa Taifa wa Lishe wa mwaka 2018 ukakuta asilimia 53.6, na Njombe ikawa ya kwanza nchini kwa jambo ambalo hakuna mkoa unaotaka kuwa wa kwanza. Mwaka 2022 ikawa asilimia 50.4, ya pili nyuma ya jirani zetu wa Iringa waliofikia asilimia 56.9, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kwa lugha ya kawaida, ukikuta watoto kumi wadogo wanacheza uwanjani, watano kati yao urefu wao haulingani na umri wao. Na urefu ni kile tunachokiona tu. Kinachopungua kichwani hakionekani kwa macho, hujitokeza baadaye darasani na kwenye kipato.

Mimi ni mchumi wa kilimo. Kazi yangu ni kukaa na wakulima tukipiga hesabu za gharama na mapato, na kwa muda sasa hesabu hizo zimekuwa za parachichi. Ndizo zilizonifikisha Mahongole, moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Makambako. Huku kwetu yeyote aliyesoma kilimo huitwa bwana shamba, hata akiwa mtu wa kalamu na kikokotoo kama mimi. Siku moja nilimkuta mama mmoja anachambua parachichi uani kwake. Yale mazuri yalipangwa kwenye kreti, yaliyokataliwa yalirundikwa kando, na nguruwe wawili walikuwa bandani wakisubiri zamu yao. Nikamuuliza watoto wanakula yapi.

"Haya ni ya soko, bwana shamba," akanijibu. "Watoto nimewapa hela, watanunua kitu hukohuko shule."

Sikuona ubaya katika jibu lake. Mama yule anafanya kazi kubwa na anawapenda wanawe, ndiyo maana aliwapa hela. Ila jibu lile lina hesabu ndani yake ambayo wengi wetu hatujawahi kuipiga, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa biashara na kilimo, naomba tuipige pamoja.

Tuseme mtoto mmoja anapewa Sh200 kila siku ya shule. Mwaka wa masomo katika shule zetu za msingi una siku 194. Hiyo ni Sh38,800 kwa mtoto mmoja. Mwenye watoto watatu anatoa Sh116,400 kwa mwaka. Na kinachonunuliwa na fedha hiyo getini ni nini? Bisikuti, pipi, ubuyu wenye rangi, barafu ya mfuko ambayo ni maji, sukari na rangi, na zile pakiti za chipsi za viwandani ambazo ndani hewa ni nyingi kuliko chakula. Kwa fedha hiyohiyo, mche wa parachichi uliobebeshwa ukiwa wa Sh5,000, mkulima angeweza kupanda miche zaidi ya 20. Sisemi watoto wanyimwe hela ili tupande miche. Nasema kaya hii haina uhaba wa fedha ya kumlishia mtoto kitu kizuri kati ya mlo na mlo. Fedha ipo na inatoka kila asubuhi, na tunda nalo lipo uani. Kinachokosekana ni njia ya tunda lile kufika mdomoni mwa mtoto kabla halijafika mdomoni mwa nguruwe.

Kwanza tujiulize parachichi hukataliwa kwa nini. Mnunuzi anayesafirisha nje hutazama ukubwa, ngozi, kikonyo na kiwango cha kukomaa. Tunda dogo kuliko kipimo hurudi. Lenye mkwaruzo wa tawi hurudi. Lililobabuka kwa jua, lililong'oka kikonyo, yote hurudi. Ngozi ikiwa na mkwaruzo wa nje tu, nyama ya ndani haijabadilika hata kidogo. Aina hii ya Hass imepewa jina la Rudolph Hass, tarishi wa posta wa California aliyesajili hati ya mti wake mwaka 1935, na mlaji wa Ulaya amezoeshwa ukubwa fulani na rangi fulani. Mtoto wa darasa la kwanza Mahongole hajui habari za tarishi huyo wala kipimo cha kreti. Kwa hesabu ya lishe, makapi ya soko la nje na tunda la daraja la kwanza ni kitu kimoja.

Wala sina ugomvi na soko. Mwezi Novemba 2022 Tanzania ilitia saini makubaliano na China ya kuuza parachichi huko, na India nayo imetufungulia mlango. Hizo ni habari njema kwa mkoa huu na nimezishangilia kama mtu mwingine yeyote. Mkulima akiuza akapata bati, ada na bima ya afya, mtoto naye amefaidika. Ninachokipinga ni ile dhana iliyoingia pamoja na soko, kwamba tunda lenye bei haliliwi na mwenye shamba. Mahindi yana bei na tunayala. Maharage yana bei na tunayala. Parachichi likipata bei ghafla linakuwa kama noti, mtu haitafuni.

Dhana hiyo imekuta nyingine ya zamani zaidi, kwamba matunda si chakula. Mtanzania wa kawaida hukumbuka chungwa siku ya kwenda kumtazama mgonjwa. Mgonjwa aliyelazwa anapelekewa machungwa, ndizi mbivu na juisi, akipona akarudi nyumbani anarudishiwa ugali wake na matunda yanasahaulika mpaka augue tena. Mtoto anayekua akiona hivyo atajifunza kwamba tunda ni dawa, na hakuna mtoto anayependa dawa. Mboga nazo tumezipa kazi moja tu, ya kusukumia ugali. Karoti mbichi mkononi mwa mtoto anayecheza, kipande cha boga kilichopoa, nyanya ndogo tamu iliyooshwa, vyote hivyo havihesabiwi kuwa kitu cha kumpa mtoto. Atapewa andazi.

Wataalamu wa lishe wana neno asusa, yaani kile kinacholiwa kati ya mlo mmoja na mwingine. Wengi hudhani asusa ni anasa ya watoto wa mjini. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ale milo mitatu hadi minne kwa siku, na katikati yake apate asusa mara moja au mbili kadiri anavyohitaji. Sababu yake ni rahisi. Tumbo la mtoto ni dogo na ugali hulijaza haraka. Mtu mzima aliyetoka shambani anaweza kula bonge la ugali likamtosha kutwa. Mtoto wa miaka mitatu akila matonge manne ameshiba, lakini mwili wake haujapata nusu ya kile unachohitaji. Asusa ndiyo nafasi ya kuingiza yale ambayo ugali hauna. Nafasi hiyo tukiijaza kwa sukari na rangi, tumeipoteza, na mtoto anafika kwenye mlo wa jioni akiwa hana hamu.

Tuangalie mkoa huu una nini cha kuijazia. Parachichi lina mafuta, na mafuta ndiyo nguvu nyingi katika kipande kidogo, jambo ambalo tumbo dogo linalihitaji sana. Mafuta hayo pia husaidia mwili kuvuta kile kilichomo kwenye karoti, boga, viazi lishe vya rangi ya machungwa na majani ya kijani, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo karoti iliyokunwa ikachanganywa na parachichi lililopondwa na chumvi kidogo ni zaidi ya karoti na parachichi vikiliwa mbalimbali. Pera ambalo ndege hulidonoa bila mtu kujali lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa la uzito uleule, na vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Chai hufanya kinyume, huyazuia madini hayo. Najua nasema hivi katika mkoa wa chai na sitaki kugombana na wenye mashamba ya Luponde na Lupembe. Chai inywewe, lakini mtoto mdogo asishushiwe maharage kwa kikombe cha chai ya rangi. Ampatie nafasi pera.

Halafu kuna mapichisi, maplamu, mapeasi na matufaa, matunda ya baridi ambayo mikoa mingi ya nchi hii huyaona dukani tu yakiwa yametoka nje. Njombe yanakua. Mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata, mapichisi hujaa mpaka yanaozea chini ya mti. Na wakati wa kiangazi kuna vinyungu, zile bustani za mabondeni ambazo babu zetu walizilima kabla hatujasikia neno umwagiliaji. Wataalamu wa mazingira wana hoja zao kuhusu vinyungu na vyanzo vya maji, na hoja hizo ni za haki. Lakini ni vinyungu hivyo vinavyotupatia figiri, chainizi na karoti miezi ambayo mlimani pamekauka.

Kuna kitu kingine ambacho hakipo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Zamani mtoto aliyetumwa kuchunga au kuokota kuni alikula njiani. Alikula makusu, alikula masaula, alirudi nyumbani midomo ikiwa na rangi ya matunda ya porini. Hakuna aliyempa, hakuna aliyelipa, na kwa hiyo hakuna aliyeandika. Leo sehemu kubwa ya misitu hiyo imefyekwa tukapanda misindano na mikaratusi. Mbao zimetuletea fedha, na mapato hayo tumeyaandika vizuri. Asusa ya bure ya mtoto imetoweka na hatukuiandika upande wa hasara. Uchumi una tabia hiyo mbaya, kisichouzwa hakionekani kikiwepo wala kikiondoka.

Hapa niseme kwa uwazi ili nisieleweke vibaya. Matunda na mboga peke yake haviwezi kuondoa udumavu. Udumavu unaanzia tumboni mwa mama anayelima mpaka siku ya kujifungua, unaendelea kwa mtoto anayeanzishiwa uji mwepesi kabla ya miezi sita, kwa kuhara na minyoo, kwa mama asiye na muda wa kumlisha zaidi ya mara mbili kwa siku, na kwa kukosa maziwa, mayai, dagaa na maharage. Njombe tuna pia mzigo wa Ukimwi, ambapo utafiti wa mwaka 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, na tunajua ni bibi wangapi wanalea wajukuu. Anayekuambia kwamba parachichi moja litamaliza yote hayo anauza parachichi.

Lakini kila kipande kina thamani yake, na kwa mchumi thamani hiyo inahesabika. Kati ya mwaka 1969 na 1977 katika vijiji vinne vya Guatemala, Amerika ya Kati, watafiti waliwapa watoto wa vijiji viwili uji wenye virutubisho na wale wa vijiji viwili vingine kinywaji kitamu kisicho na protini. Waliwafuatilia mpaka wakawa watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wanaume waliopata uji ule kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Asilimia 46 kutokana na alichokula mtu kabla hajaweza kusema sentensi nzima. Sijui mbolea gani au mbegu gani chotara inayoweza kumpa mkulima wa Makambako faida ya namna hiyo na ikadumu maisha yote.

Sasa kuna wazazi watakaosema, "Tumejaribu, mtoto hataki." Na kweli hataki. Mtoto hutema. Hapo ndipo wengi tunapokosea kwa kudhani kutema ni hukumu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wadogo wanavyojifunza kupenda chakula, na yeye na wenzake waliona kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukikubali. Mzazi wa kawaida hukata tamaa mara ya tatu. Watafiti hao walibaini pia kwamba kumhonga mtoto huharibu. Ukimwambia "kula karoti nikupe pipi," umemfundisha kwamba karoti ni adhabu na pipi ni zawadi. Atakula karoti leo na kuichukia kesho.

Njia inayofaa haina gharama. Weka kipande kidogo, usimlazimishe, mle pamoja naye. Mtoto hula anachokiona kinaliwa na kaka, dada na baba, hasa baba, maana baba akikataa mboga mezani hakuna semina itakayomshawishi mwanawe. Mpe kazi ya kuchuma. Mtoto aliyechuma nyanya mwenyewe ataila kabla haijafika jikoni. Mkatie vipande vya kushika kwa vidole, maana parachichi zima kwa mtoto wa miaka mitatu ni kama jiwe, na vipande vyembamba ni mchezo. Kwa mdogo zaidi, kuanzia miezi sita, pondaponda. Karoti mbichi ngumu asipewe mtoto asiyetafuna vizuri, itamkwama kooni. Ichemshwe au ikunwe.

Halafu kuna suala la baridi. Mwezi Juni na Julai huku kwetu asubuhi maji yanauma vidole, na mama hatampa mtoto tunda la baridi akihofia kikohozi. Sitamshinda mama kwa hotuba. Lakini boga lililochemshwa usiku likapashwa moto asubuhi si baridi, wala viazi lishe vilivyochomwa kwenye majivu, wala karoti zilizochemshwa pamoja na mahindi mabichi. Togwa la nafaka lililopondewa ndizi au boga nalo ni asusa ya heshima. Makambako yenyewe ina kata inayoitwa Mwembetogwa, hatuhitaji kufundishwa togwa na mtu. Ulanzi, hata ule mtamu wa asubuhi, tuwaachie wakubwa.

Tuje kwenye shule, maana huko ndiko Sh200 inakokwenda. Tangu elimu bila malipo ianze mwezi Januari 2016, wazazi wengi wamechukulia kwamba na chakula kimo. Hakimo. Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi uliotolewa mwaka 2020 unamweka mzazi na jamii katikati ya jukumu hilo. Shule nyingi hutoa uji au makande kwa michango ya mahindi na maharage, na hilo ni la kupongezwa. Lakini sijaona kamati inayodai debe la mapera au mikungu ya ndizi. Na bustani ya shule, pale ilipo, mara nyingi ni ya kuuza mboga mwalimu apate chaki, na watoto wanaoimwagilia hawaonji hata jani.

Wapo wanaotaka halmashauri ipige marufuku biashara ya pipi getini. Mimi siafiki. Yule mama mwenye beseni la visheti na pipi ni mzazi wa shule hiyohiyo, na ukimfukuza atahamia hatua hamsini mbele. Afadhali tumbadilishie mzigo. Tuseme anachukua makapi ya parachichi ndoo moja kwa Sh3,000, na ndani ya ndoo kuna matunda 40. Akilikata kila moja vipande viwili na kuuza kipande Sh100, mauzo ni Sh8,000. Hata akipoteza robo kwa kuoza na kwa watoto wasio na hela ambao atawapa bure, bado mkononi ana Sh6,000, mara mbili ya mtaji wake. Bei za ndoo zitapanda na kushuka kwa msimu, lakini nafasi ya faida ipo na ni nzuri kuliko ya pipi, ambayo bei yake imepangwa kiwandani. Anachohitaji ni ndoo yenye mfuniko, maji safi yaliyochemshwa, kisu, na kabati dogo la wavu la kuzuia nzi. Hicho ni kiasi ambacho kikundi cha kina mama kinaweza kukiomba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Masharti ya usafi yawe makali, maana tunda lililokatwa likaoshwa kwa maji machafu linaweza kuleta homa ya matumbo au kipindupindu, na hapo tutakuwa tumemtibu mtoto njaa kwa kumpa ugonjwa.

Jambo jingine ni dawa za kuulia wadudu. Mkulima wa nyanya anayepulizia leo na kuvuna keshokutwa anamlisha mtoto sumu, awe wa kwake au wa jirani. Kila chupa ya dawa imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama tunataka watoto wale mboga mbichi, maandishi hayo yasomwe, na afisa ugani ayasome kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

Fedha za kuanzia si nyingi na si ngeni. Mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walianza kutia saini mwishoni mwa mwaka 2017, na ikarudiwa mbele ya Rais Septemba 2022, inataka kila halmashauri itenge angalau Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake. Sh1,000 kwa mwaka ni kidogo mno ukinunulia chakula. Ni nyingi ukifundishia. Kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo wataalamu huiita SALIKI, ambapo watoto hupimwa na kina mama huonyeshwa mapishi. Mara nyingi maonyesho hayo ni ya uji wa mchanganyiko. Yawe pia ya asusa, na yatumie makapi yaliyoletwa na kina mama wenyewe kutoka uani kwao.

Na tusijifanye hatuna historia. Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa, Mpango wa Lishe wa Iringa ulianzishwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa kijijini, na wanakijiji wenyewe wakaamua la kufanya. Kufikia mwaka 1988 watoto wenye uzito pungufu walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya asilimia 40, na wale wenye hali mbaya kabisa walipungua zaidi. Haikuwa miaka ya neema, ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mpango ule ulisifiwa duniani na kuigwa kwingine, na sisi wajukuu wake ndio tunaongoza kwa udumavu.

Nimebakiza pendekezo moja ambalo najua litachekwa. Ekari moja ya parachichi iliyopandwa kwa nafasi ya mita saba kwa saba hubeba miti kama 80. Mti mmoja ni asilimia moja na robo ya shamba. Naomba kila mkulima mwenye ekari au zaidi autenge mti mmoja, ulio karibu na nyumba, uwe wa watoto. Wakala akija kukadiria shamba, mti huo usihesabiwe. Mti uliotunzwa ukifikisha miaka mitano au sita unaweza kutoa matunda 200 hadi 300, na parachichi lina sifa njema kwamba haliivi likiwa mtini. Unachuma machache, unayaacha ndani siku kadhaa yalainike, mengine yanangoja juu. Mwenye miti minne tu ya uani aanze na makapi, yanamtosha. Wakulima niliowaeleza hili wamegawanyika. Akina baba huuliza nani atawazuia watoto wa jirani. Akina mama hawaulizi hilo, wanauliza kama mti wenyewe utakuwa Hass au wa kienyeji, maana wanajua ukifika msimu wa bei nzuri baba atautamani.

Mikutano mikuu ya vijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kwa Mahongole na kata jirani, ningeomba mkutano unaotangulia mavuno ujao upewe ajenda hii moja, kabla ya ile ya bei. Afisa lishe wa halmashauri aje na orodha ya vipimo vya watoto wa kijiji hicho, siyo vya mkoa. Mawakala wa wanunuzi waje waeleze ni matunda mangapi wanayakataa katika kila kreti kumi na huwa yanakwenda wapi. Na wale kina mama wa getini wapewe nafasi ya kusema kwanza, kwa sababu wao ndio wanaojua mtoto mwenye Sh200 anachagua nini.